Chale ya Arobaini na Saba

…sogeeni basi, bananeni hapo kwenye ngazi kama kuku wanaokimbia mvua, na mnyamaze, wewe baba na kikohozi chako cha kiko, wewe bibi Keziah na ng'ombe wako aliyeelea mpaka Gloucester huku anacheua, na wewe Wilf mume wangu usianze, nawajua, mlipokuwa hai kuwatoa neno ilikuwa kama kung'oa jino, mmekufa ndiyo mnasema mchana kutwa, nyamazeni nisikie mto, maana tangu juzi ulikuwa unanguruma na sasa unanong'ona, na Severn ukinong'ona ujue ama umefika ulipotaka ama unavuta pumzi ili upande tena, na mimi sijui ni lipi, ndiyo maana nimekaa hapa kipandio cha tano, kikombe cha chai mkononi, soksi za Wilf miguuni, nimeukodolea macho mwimo wa mlango wa mbele, na moyo unanidunda kama wa msichana aliyeitwa kucheza dansi, aibu gani hii, mtu wa miaka themanini, nyumba imejaa maji mpaka kipandio cha tatu na mimi nataka kucheka… "Yamefika, Mama?" huyo ni Ros, binti yangu, yuko chumbani juu anakunja nguo zangu na kuzitia kwenye begi, kila dakika swali ni hilohilo, "Bado," namwambia, "bado vidole viwili," na si uongo, pima mwenyewe, vidole viwili kamili kutoka kwenye maji mpaka kwenye chale ya mafuriko ya mwaka arobaini na saba, chale ya baba, iliyokatwa kwa patasi kwenye mwaloni mgumu kuliko roho ya mkwe, ya juu kuliko zote kwenye mwimo huu, ya juu kuliko zote katika mtaa mzima, kila nyumba hapa ina chale zake za kuonyesha maji yalipofika, mafuriko haya na haya, hiyo ya chini kabisa ni ya themanini na sita, karne ile ya kale, ya babu yake baba, lakini hakuna iliyowahi kuigusa yetu, watu wa kuja huletwa hapa mlangoni kuonyeshwa, wanaweka mkono pale na kusema lo, na mimi nasimama pembeni kama ni mimi niliyeuleta mto… Na juu ya chale hiyo nimeapa, jana, Ros aliponijia na viatu vyake vya mpira na lile neno lake la kilimani, Mama njoo ukae nasi kilimani, chumba kipo, dirisha lipo, na paka utakuja naye, nikamwambia sikiliza mwanangu, chale ikizama naondoka nawe na sirudi tena, isipozama hutanitajia kilima mpaka siku ya kunizika, akanipa mkono, tukapatana kama wauza kondoo, na nilijua nashinda, nilijua, maana chale ile siyo…

Nyamaza, baba, nimesema sitasema. Maji yanasikika yakipita chini yangu, yanaingia kwa mlango wa mbele na kutokea mlango wa uani, taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba, nimeifungua yote miwili tangu alfajiri kama alivyonifundisha bibi Keziah, Bibi Mkubwa, yaani mto, akija mfungulie mbele na nyuma, akipata njia atapita, akikuta umefunga atatokea ukutani, Ros alitaka mbao na magunia ya mchanga, tukabishana, nikamwonyesha nyumba ya pembeni ya wale watu wa kuja, mafuriko yaliyopita walijifungia kwa mbao na utomvu na mipira, ndani kukavu kabisa, wakanywa chai kwa raha, mara ukuta wa jikoni ukalala chini kama mlevi, wakatoka kwa mlango ambao hawakuujenga… sofa iko juu ya meza, zulia liko darini, na batamaji mweupe amepita barabarani akachungulia ndani kama mtu wa kukagua, akaona mambo yetu, akaenda zake. "Enid!" huyo ni Clem Pardoe, ng'ambo ya mtaa, amejaa kwenye dirisha la juu na blanketi mabegani, tumetazamana hivi tangu tuko watoto, kila maji yakija, yeye dirishani kwao, mimi ngazini kwetu, na ananiona mpaka hapa nilipo kwa kuwa mlango uko wazi, "Enid, hujazama tu?" nikamwambia nizame kabla yako nani atakuzika, akacheka mpaka akakohoa, akasema chale yenu leo inakwenda na maji, binti Amos, mikono ya baba yako ilikuwa mirefu mno, hilo tusi lake ana miaka zaidi ya sabini nalo, baba yako alikuwa na mikono mirefu, kwa sababu chale ya baba yake iko vidole vitatu chini ya yetu, mtaa mmoja, maji yaleyale, mto uleule, itakuwaje kwao usimame chini na kwetu usimame juu, na mimi sikuzote namjibu sakafu zenu ndizo zilizopinda, na watu wanacheka, na anashindwa… lakini alikuwa na haki, ee Mungu wangu, Clem alikuwa na haki miaka yote hii na ni mimi peke yangu ninayejua.

Maana nilikuwa hapa. Kipandio hikihiki, nina miaka saba, goti langu lina jeraha la barafu, ile baridi iliyoua kondoo, theluji mpaka madirishani, halafu ikayeyuka yote kwa mpigo mmoja na mto ukaja kuichukua Machi yote, tukakaa juu siku tatu na viazi vibichi, mama anatuambia tunyonye vijiko, na asubuhi ya siku ya nne maji yakasimama, yakasimama pale, kwenye lile fundo la mti mwimoni lililo kama jicho la ng'ombe, kwenye kope ya juu, naliona mpaka leo nikifumba macho, baba akavua suruali akashuka na patasi na nyundo, maji mapajani, anatetemeka huku anaimba, na desturi ni kwamba huchongi mpaka mto usimame ukavuta pumzi mara tatu, ukichonga unapanda unautukana, lakini ng'ambo baba yake Clem alikwishaanza, tok, tok, tok, tunamsikia, na baba akasema kwa meno, huyu Pardoe atanitangulia hata mbinguni, akaweka patasi kwenye jicho la ng'ombe, na hapohapo… hapohapo ndipo ikaja mashua ya mkate. Bwana Hodnett mwenye tanuri, mnene, amesimama nyuma ya mashua na upondo, anasukuma kama anakimbizwa, mikate imefunikwa kwa turubai, nilisikia harufu kabla sijaona, mkate wa moto juu ya maji yenye uvundo wa matope na kinyesi, nikaanza kulia bila kujua, mashua ikasimama mlangoni kwetu na wimbi lake likaingia nalo, likampiga baba kiunoni, likapanda mwimoni vidole vitatu likarudi chini, likaacha mbao imelowa, inang'aa, na baba kwa haraka ile, tok ya Pardoe masikioni, akafuata ule unyevu, akakata, tok, tok, tok, mara tatu, ndani kabisa, ndipo akatazama. Akaona maji yako chini. Akaona chale iko juu. Na akageuka akaniona mimi. Nilidhani atakasirika, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyevunja sahani ya watu, akaweka kidole mdomoni, hivi, taratibu, akapokea mkate kwa Hodnett, akakata ncha yake, ile ngumu ya kahawia tuliyoigombania kila siku, akanipa mimi, siyo mama, siyo kaka zangu, mimi, na nikala, na nikanyamaza… nimenyamaza miaka yote hii, amekufa nikanyamaza, nimeolewa nikanyamaza, Wilf aliuliza mara moja kwa nini kwenu na kwa Pardoe si sawa nikamwambia kula viazi vyako.

Kwa hiyo angalia sasa, mwanamke, angalia vizuri, jicho la ng'ombe liko wapi? Limezama. Limezama tangu saa mbili asubuhi, niliona kope yake ikifunikwa, niliona na nikamwaga chai kwenye soksi, kidole kizima juu ya jicho, kwa hiyo huu ni mto mkubwa kuliko wa arobaini na saba, mkubwa kuliko wote, hakuna aliyekufa wala aliye hai katika mtaa huu aliyewahi kuuona mto huu isipokuwa mimi na Clem, na Clem hajui anachotazama, yuko juu, chale ya baba yake imezama mlangoni chini asikoiona, hapana, mimi peke yangu, ngoja nivute pumzi, ndiyo maana moyo unaruka hivi, si hofu, ni kama kuwa wa kwanza kuiona theluji asubuhi nyumba nzima imelala, natamani kumwamsha mtu, natamani kumwita Ros njoo uone, lakini nikimwita nimeondoka, nguo zimekunjwa, begi liko tayari, chumba kipo, dirisha lipo, na kwa chale ya baba bado vidole viwili, ninashinda, hakuna anayejua, nikae kimya tu kama nilivyofundishwa, mto utalala usiku, Ros ataondoka na begi tupu… "Yamefika, Mama?" "Bado." Mbona sauti yangu nyembamba hivyo. Na nini hicho kinavuma, injini, iko pembeni pale kwa mchinjaji, ni mashua ya zimamoto, ile ya mpira nyekundu, wanakusanya wazee, Clem anapiga kelele, "Vaa meno, Enid, wanakuja vijana," na kweli hiyo inapita, haraka, kijana wa usukani amesimama kama Hodnett, ni Hodnett mtupu, angekuwa mnene kidogo, na nyuma yake mtaa wote unainuka… wimbi linakuja, naliona linakuja, linaingia mlangoni mwangu pana na la kahawia, linabeba kopo na tufaha na kiatu, linapanda, linapanda mwimoni, vidole viwili, kimoja, chale imekwenda, imezama, imekunywa, juu yake kidole, viwili, halafu linashuka, linarudi, likitiririka kwenye herufi na namba alizochonga baba baadaye kando ya chale, na maji haya hapa, palepale, vidole viwili chini, kama hakuna kilichotokea, na mwimo umelowa, unang'aa.

"Nimeona," anasema Clem, hapigi kelele tena, sauti yake imeingia ndani ya nyumba kama mtu, "yamepita juu ya chale ya Amos. Nimeona kwa macho yangu." Na mimi mdomo uko wazi, neno liko tayari, lile neno moja tu, hilo ni wimbi, Clem, wimbi la mashua halihesabiwi… na halitoki. Halitoki kwa sababu naliona lilivyo, lina makali mbele na nyuma kama kile kisu cha kuchunia mikunga, nikisema wimbi linahesabiwa basi chale imezama na nimeshindwa, nikisema wimbi halihesabiwi basi chale ya baba si chale, jicho la ng'ombe ndilo, nalo limezama tangu saa mbili na nimeshindwa, huku na huku, mbele na nyuma, milango yote miwili iko wazi, Bibi Mkubwa amepita, na mimi, Mungu anisamehe, nacheka, nacheka mpaka chai inaruka, kwa sababu baba hakusema uongo, ndilo lililonikaba miaka yote, nilidhani nabeba uongo wa baba yangu na kumbe ni mkate, maji yalifika pale, kweli yalifika, yaliletwa na mkate, tulikuwa na njaa siku tatu na mto ukapanda vidole vitatu kwa furaha, hiyo ndiyo chale, wengine wamechonga maji, baba alichonga mkate ulivyofika… sasa ninyamazie nini? Nimlinde nani, mfu aliyeshiba? Na niikalie hii ngazi kwa ajili ya vidole viwili, nimfanye mwanangu aulize mpaka sauti imkauke, yeye ambaye kila mvua ikinyesha halali kule kilimani, alinambia na sikumsikia, nasimama dirishani Mama mpaka nione taa yako…

Maji yako palepale. Kikombe bado mkononi, chai imepoa. Kule juu zipu ya begi inavutwa, inakwama, inavutwa. "Mama? Yamefika?" "Yamefika, mwanangu," nasema, na sauti safari hii ni yangu, "yamepita. Tangu saa mbili. Shuka nikuonyeshe jicho la ng'ombe." Miguu yake inakuja ngazini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na kabla hajafika nimekwisha kugawa, rahisi hivi, sikujua ni rahisi hivi, patasi ya baba ni ya mjukuu wangu Bryony wa Ros, kwa kuwa ndiye mwenye subira ya kuhesabu pumzi tatu, akachonge ya leo maji yakisimama, kwenye mstari wa kweli, mashua zote zikiwa zimepita, Clem namrithisha ushindi wake, autafune mpaka meno yamtoke, Ros anachukua birika, paka na mimi, nyumba arithi mto, anaijua njia, mbele na nyuma, na kile kimya nilichopewa pamoja na ncha ya mkate, nilichokitunza vizuri kuliko vyombo vya harusi, hicho, baba, simpi mtu, kinaishia hapa, kipandio cha tano.