Baiskeli ya Kimo cha Nabwile

"Shika hapo, usiachilie," Wabwile alisema, na msumeno ukaanza tena kulia juu ya bomba la kiti.

Nabwile alishika. Unga wa chuma ulidondoka juu ya viatu vyake, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi, mtetemo ulimpanda mikononi mpaka mabegani. Hii ilikuwa mara ya tatu bomba hilo kukatwa. Kilichokuwa kimebaki hakikuzidi urefu wa mwiko.

Walikuwa Bungoma, nyuma ya soko, kwenye kibanda ambamo Wabwile alitengeneza baiskeli za bodaboda tangu kabla ya pikipiki kujaa mjini. Nabwile alimwita khocha, yaani mjomba, kwa sababu Wabwile alitoka ukoo wa mama yake.

"Kaa sasa," Wabwile alisema, akipuliza unga.

Nabwile alikaa. Nyayo zake zote mbili zililala chini.

"Si unaona? Mguu ukikanyaga chini, baiskeli ni yako. Leo wewe ni mtu mrefu, bana!"

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri pancha zao walicheka. Nabwile naye alitabasamu, kisha akakanyaga pedeli akaenda mpaka kwenye kona ya barabara na kurudi. Magoti yalimpanda karibu yamguse kifua. Mikono ilikuwa imenyooka mbele kama ya mtu anayesukuma ukuta. Alipofika kibandani, vidole vidogo vya mikono yote miwili vilikuwa vimeanza kufa ganzi, kama kawaida.

"Khocha, nashukuru. Lakini bado."

"Bado nini?"

"Mikono. Na magoti sasa yamezidi."

Wabwile alimtazama kwa huruma ya kweli. "Basi mukhana, binti yangu, hapo ni wewe umezaliwa mfupi. Mimi sina spana ya hiyo."

Nabwile hakumkasirikia. Baiskeli za Wabwile zilibeba abiria na magunia, zikasimama kila hatua chache, na mwendeshaji asiyeweza kukanyaga chini angemwangusha mama wa watu na mayai yake. Kwa kazi ile, kanuni yake ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba Nabwile hakutaka kubeba mtu. Alitaka kushindana.

Mashindano yenyewe yalikuwa triathloni, mwisho wa mwezi, kwenye bwawa moja upande wa Moi's Bridge: mtu anaogelea, anatoka majini anapanda baiskeli, kisha anaiacha baiskeli na kukimbia, bila kupumzika katikati. Nabwile alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mambo hayo aliyajua kupitia rafiki yake Joan. Joan alikuwa muuguzi, mrefu kiasi cha kubadilisha balbu bila kupanda kitu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuogelea kwenye bwawa la hoteli, asubuhi kabla ya wateja kuamka. Huko majini Nabwile aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Tangu utoto amewekwa mstari wa mbele kwenye kila picha, na hata leo wageni dukani kwake bado humwuliza mama yuko wapi. Majini hakuna aliyemwuliza kimo chake. Katika kukimbia pia alijikuta akiwapita watu. Ilibaki baiskeli.

Joan alipohamishiwa Nakuru alimwachia ya kwake. "Itakukaa tu," alisema. "Kiti kinashuka."

Kiti kilishuka. Wiki iliyopita Nabwile aliiendesha mpaka Kimilili, na pale mjini, alipokuwa akigeuza polepole, ncha ya kiatu chake iligusa tairi la mbele. Usukani ulikataa, mikono iliyokufa ganzi haikuiwahi breki, na akaishia juu ya nyanya za mama mmoja. Nyanya zilifutika kwenye nguo. Woga haukufutika. Jioni ile alimpigia Joan simu akamwambia kwamba khocha akishindwa safari hii, atajitoa kabisa.

Sasa khocha alikuwa ameshindwa. Nabwile alijipangusa mikono, akijaribu kuzoea wazo hilo.

"Lakini ngoja," Wabwile alisema. "Kuna mtu Kitale, anaitwa Aziz. Ananunua baiskeli za mitumba, zile za ng'ambo. Kama kwake hakuna, basi hakuna."

Nabwile aliiacha baiskeli ya Joan kibandani. Saa tisa alasiri alikuwa Kitale, amesimama mbele ya duka lililokuwa mtaa wa nyuma ya msikiti, na baiskeli zikining'inia darini kama popo.

Aziz Muhdhar alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Mkewe, Arafa, alikaa kaunta akiuza taa, kufuli na tyubu.

"Karibu dada! Unamtafutia mtoto?"

"Najitafutia mwenyewe. Ya mashindano."

"Ahaa." Aziz alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini, safari iliyokuwa fupi, kisha akashusha baiskeli moja nyeusi, nyembamba, nzuri ajabu. "Hii ndiyo yenyewe. Kubwa kidogo, lakini tunashusha kiti."

"Fundi, nimeshusha kiti mpaka kikaisha."

Aziz alicheka. Akairudisha ile, akaleta nyingine, kisha nyingine tena. Zote zilikuwa za watu warefu kama Joan. Mwishowe akaingia ndani akatoka na baiskeli ya waridi yenye kikapu mbele na maua yaliyobandikwa kwenye fremu.

"Hii imekupata kabisa. Angalia, hata kengele iko."

Akaigonga. Ikalia *kring*. Arafa akamwambia, "Wewe Aziz, mheshimu mgeni," lakini na yeye alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

Nabwile alicheka pamoja nao, maana kengele ilikuwa inachekesha kweli. Lakini kicheko kilipoisha aliinamia mkoba wake kuuficha uso. Mkono wake ukakutana na utepe wa kupimia ambao hauachi popote aendapo. Aliutoa bila kujua autakie nini, akaanza kuukunjua na kuukunja.

"Kumbe ni fundi wa nguo," Arafa alisema, sauti yake sasa ya upole. "Basi niambie fundi. Huyu mzee ana koti alilopewa na kakake mrefu. Likikatwa pindo, si litamkaa?"

"Halitamkaa," Nabwile alisema. Hilo alilijibu kila wiki. "Ukikata pindo peke yake, mabega yanabaki ya kakake. Yatamwangukia, mifuko itafika magotini, na mikono itakuwa ya kuokota sarafu. Koti la mtu mrefu unaanza kulifumua mabegani. Pindo ni mwisho."

Utepe ulisimama mkononi.

"Nini?" Arafa aliuliza.

"Mimi na khocha tumekuwa tukikata pindo."

Walimtazama wasielewe, na yeye mwenyewe alihitaji muda kidogo. Miezi hii yote walipima kutoka kiti hadi chini. Hakuna aliyepima kutoka kiti hadi usukani. Walikishusha kiti, na usukani ukabaki kule kule mbali, mahali pa mikono mirefu ya Joan.

"Mama, naomba stuli."

Alipewa stuli. Akaisogeza kwenye kaunta, akakaa ukingoni, akainama mbele na kulaza mikono juu ya mbao kuanzia viwiko mpaka vidole. Hivi ndivyo alivyokaa kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, siku nzima msimu wa kufungua shule unapokaribia, na mikono haikuwahi kufa ganzi hata siku moja. Alisogea mbele kidogo, akarudi nyuma, akatafuta pale ambapo mgongo ulitulia wenyewe.

"Nipime sasa. Kutoka ukingo wa stuli mpaka kwenye kiwiko."

Arafa alizunguka kaunta akampima, akabana utepe kwa ukucha. Nabwile akaupokea vilevile ulivyobanwa, akaanza kutembea nao chini ya dari, baiskeli moja baada ya nyingine. Aziz alizishusha bila mzaha tena, maana sasa ilikuwa kazi ya ufundi na yeye ni fundi. Ile nyeusi nzuri ilizidi kwa zaidi ya shibiri. Nyingine ilizidi kwa kiganja. Ya waridi ilipungua sana. Juu yake angekuwa kama kuku kwenye yai.

"Zimeisha," Aziz alisema hatimaye. Hakulisema kwa raha.

Nabwile alianza kuukunja utepe. Basi ndiyo hivyo, alijiambia. Angalau sasa alijua kosa halikuwa kwenye mwili wake. Hilo peke yake lilimpunguzia mzigo, ingawa halikumpa baiskeli.

"Na ile iliyokukataa?" Arafa alimwuliza mumewe.

"Ipi?"

"Ile ya mtoto wa kitajiri. Ambayo wazazi wote wanaikataa."

Aziz alijipiga paji la uso. Kule pembeni, nyuma ya baiskeli za watoto, ilining'inia moja ya kijivu ambayo alikuwa karibu kuisahau. Magurudumu yake yalikuwa madogo kuliko ya wakubwa, kwa hiyo ilipotoka kwenye kontena aliiweka na za watoto. Haikununuliwa. Kiti kilikuwa kigumu kama jiwe, matairi membamba, hakuna karia, na mbele ilikuwa na vyuma viwili vya ajabu vilivyochomoza kama pembe za swala. Akavifungua, akaweka usukani ulionyooka na kengele, lakini watoto waliijaribu wakalia. Mwisho akaiacha.

"Pembe," Nabwile alisema polepole, akikumbuka baiskeli za mashindano kwenye picha alizoonyeshwa na Joan. "Zilikuwa na vimito? Vya kulaza mikono?"

Aziz aligeuka akatazama ukutani nyuma ya kaunta, na Nabwile akafuata macho yake. Tyubu za dukani, zote, zilikuwa zimetundikwa kwenye pembe mbili nyeusi zilizopigiliwa ubaoni, na kila moja ilikuwa na kimito chake, kimechakaa.

"Yarabi," Arafa alisema. "Nimezifuta miaka miwili hizo nikidhani ni urembo."

Baiskeli ilishushwa. Nabwile alipiga magoti akalaza utepe kutoka kiti hadi pale pembe zingekaa. Kisha akapima tena, kwa sababu fundi hupima mara mbili. Kilichozidi kilikuwa upana wa kidole.

"Watu wafupi wako kila mahali," alisema. "Kuna mwenzangu huko ng'ambo alitengenezewa hii."

"Na mimi nikamwekea kengele," Aziz alisema.

Waliinua kiti. Kila Aziz alipotaka kukaza, Nabwile alisema, "Bado, juu," mpaka fundi akaingiwa na hofu. "Dada, mguu haufiki chini. Utaanguka mbele ya duka langu."

"Nikisimama nitashuka kwenye kiti. Sibebi abiria."

Alisema hivyo, lakini moyo ulimdunda. Mara ya mwisho alipogeuza baiskeli alikuwa juu ya nyanya. Aliisukuma mpaka barabarani, akapanda, akayumba, vidole vya miguu vikitafuta ardhi isiyokuwepo. Kisha pedeli ikazunguka, na mguu ukanyooka vizuri hadi chini, ukapanda bila kumpiga kifuani. Alipita msikiti, akapita maduka ya mbegu, tuktuk moja ikampigia honi. Mwisho wa mtaa ilibidi ageuze. Alipunguza mwendo, akashika pumzi, akakata kona. Alitazama chini. Kati ya kiatu na tairi kulikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi.

Alirudi akicheka peke yake. Arafa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipiga kigelegele kifupi kisha akatazama kushoto na kulia kama wateja wamemwona.

Pembe zenyewe hazikuwa tayari. Bolti moja ilikuwa imepotea zamani, na waya za breki zilikuwa fupi kwa sababu Aziz alizikata alipoweka usukani wa mtoto. Alizifunga pembe kwa vipande vya tyubu, kwa muda tu, akaishika baiskeli isimame huku Nabwile akipanda na kulala mbele. Viwiko viliingia kwenye vimito. Ilikuwa meza yake ya kukatia. Alikaa hapo mpaka Aziz akaanza kulalamika mikono.

Simu ilitetemeka. Ilikuwa Joan.

"Sasa? Umejitoa?"

"Bado napigiwa bandi ya kushikiza," Nabwile alisema, "lakini itashonwa."

"Ati nini?"

"Nitakupigia usiku."

Adhana ya magharibi ilianza. Aziz aliweka spana chini. "Kesho fundi. Nitatafuta bolti asubuhi, na waya mpya. Pembe ya kushoto bado inacheza. Na tairi la nyuma sijaliamini."

"Nitatoka ibada ya kwanza nije."

Kabla ya kuondoka, Nabwile alitoa chaki ya kitambaa mkobani, akachora mstari mweupe kwenye bomba la kiti, pale lilipoingilia fremu, na mwingine kwenye usukani.

"Hapo pasiguswe, fundi."

"Nani aguse? Namwogopa huyu," Aziz alisema, akionyesha utepe.

Baiskeli ilibaki katikati ya duka, pembe zimefungwa kwa mpira, waya zikining'inia, na tyubu za dukani zikiwa zimelundikwa sakafuni kwa kukosa pa kutundikwa. Nabwile alishika njia kwenda kwa senge wake, dada wa baba yake, atakakolala. Njia nzima alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake vidogo, akiitafuta ile ganzi, asiipate.