Mapipa Kumi na Tisa Yasiyo na Mwenyewe

Polisi walipovamia chumba cha uani kwa shangazi yangu, walibeba kila chenye thamani. Walichukua mizani, feni, majiko mawili ya gesi, hata zulia. Mapipa kumi na tisa ya taka waliyaacha palepale. Inspekta aliyeongoza msako alisema yananuka.

Mpangaji aliyekamatwa kwa kupika dawa za kulevya alikuwa amejitambulisha kama mtengeneza sabuni. Alikuwa mpole, alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na shangazi hakumuuliza zaidi. Mimi pia sikumuuliza. Mimi ni fundi bomba, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na mara moja nilikuta bomba la sinki lake limelika kama lililotafunwa na panya. Nilibadilisha, nikachukua ujira wangu, nikaenda zangu. Nalisema hili ili nisije nikaonekana mwenye macho makali kuliko wengine.

Siku mbili baadaye bwana afya wa halmashauri alibandika tangazo kwenye mlango wa nyumba kubwa. Hakuna ruhusa ya kuishi humo mpaka taka ziondolewe na vyumba visafishwe na wenye leseni. Gharama ilikuwa imeandikwa chini. Niliposoma nilidhani mtu ameteleza akaongeza sifuri. Mwenye nyumba asipolipa ndani ya siku tisini, halmashauri itasafisha yenyewe kisha iuze kiwanja ijirudishie pesa zake. Shangazi ana miaka sitini na minne na hana nyumba nyingine. Alihamia sebuleni kwangu na sanduku moja na cherehani.

Nilikwenda kuisoma sheria yenyewe. Ninasoma polepole, kwa kidole. Sheria ilisema mali za wauza dawa zikitaifishwa zinaingia kwenye mfuko, na mfuko huo ndio unaolipia usafishaji, mradi taka ziwe kwenye orodha ya vielelezo vya kesi. Orodha ya inspekta ilikuwa na chupa mbili ndogo za sampuli. Mapipa hayakuwemo.

Nilimwomba ayaongeze. Alinieleza kwa uvumilivu, kama mtu anayemfundisha mjinga, kwamba akiyaandika yatakuwa yake, na itambidi ayatunze mpaka kesi iishe. Akanisogezea fomu nyingine. Shangazi aweke sahihi tu, taka zitaondolewa na gharama atalipa kidogokidogo. Juu ya mstari wa sahihi paliandikwa: mmiliki wa taka. Yaani mama wa watu akiri kwa mkono wake kwamba uchafu wa kiwanda cha dawa za kulevya ni mali yake, halafu aletewe risiti.

Bwana afya naye alisema taka zimetokana na jinai, na jinai ni ya polisi. Nilirudi kwa inspekta, akasema jinai ameshaibeba, kilichobaki ni uchafu, na uchafu ni wa halmashauri. Ofisi zao zinatenganishwa na ukuta mmoja. Nilitembea na faili langu kati ya milango hiyo miwili wiki saba, na sikuwahi kukutana na yeyote kati yao njiani.

Siku moja bwana afya alinionea huruma. Aliniambia tungoje mvua kubwa, kisha tumwage mapipa mtaroni, maji yatachukua. Mtaro ule unapita nyuma ya shule ya chekechea. Nilimkumbusha. Akasema basi tupige rangi kuta kwanza, mengine yatajulikana. Nilijaribu rangi kwenye kipande cha ukuta chenye upana wa mlango. Siku ya nne madoa ya manjano yalikuwa yamepenya yote. Nilipompelekea habari hiyo alinishauri ninunue rangi ya bei.

Katika wiki ya nane ndipo inspekta aliponikaribisha maji baridi. Joto lilikuwa kali, naye alikuwa na furaha. Aliinuka akafungua friji iliyokuwa pembeni mwa ofisi, na mimi nikauona mpini wake. Ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba, mizunguko sita, fundo upande wa ndani. Hufunga hivyo mimi tu. Niliufunga kwa yule mtengeneza sabuni siku ile ya bomba, na friji ilikuwa na mitungi ya kioo yenye maji mekundu, bila chakula hata kidogo. Sasa ilikuwa na maziwa, soda, na chakula cha mchana cha inspekta.

Nilipitia nakala yangu ya orodha ya vielelezo, mstari kwa mstari. Friji haikuwemo.

"Afande," nikamuuliza, "mmekuwa mkila humo tangu lini?"

"Tangu msako. Kwa nini?"

Nilimweleza nilichokiona ndani yake. Sikupandisha sauti. Alishusha glasi mezani, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

Bwana afya alifika baada ya dakika kumi. Kumbe ukutani mwao kulikuwa na mlango. Alasiri ile askari watatu walikumbuka kwamba wanaumwa tumbo, na ofisi ikabandikwa tangazo. Mfuko ulikubali kulipa, ila ulitaka kujua sumu imetoka wapi, na hilo haliandikwi bila kuandika chumba cha shangazi na mapipa yake yote. Orodha ikaandikwa upya siku hiyohiyo. Kituo kilisafishwa kwanza, siku mbili. Kisha wenye leseni wakaja kwetu, wakafanya kazi siku kumi na moja.

"Mimi nimelala kwenye kochi miezi miwili," shangazi alisema. "Wao wameumwa alasiri moja. Tumbo la afande lina cheo."

Siku ya kukabidhiwa, inspekta alikuja na bwana afya. Mkononi alikuwa na cheti cha usafi, na chini yake barua. Barua ilisema shangazi aliitoa friji ile kwa kituo, kwa hiari yake, kabla ya msako. Inspekta alieleza kwamba karatasi hizo zinakwenda pamoja.

Shangazi aliisoma mara mbili. Akaingia kwenye chumba cha uani, akaketi sakafuni, akanyoosha miguu.

"Njoo basi, mwanangu. Nitasaini humu."

Inspekta alibaki kizingitini. Alisema ana haraka.

"Una haraka au una pua? Cheti si umekileta mwenyewe? Keti nami hapa mpaka chai ichemke, nitasaini hata barua mbili."

Bwana afya alikuwa anatazama viatu vyake. Inspekta alitazama kuta, akatazama sakafu, akanyoosha mkono kutoka nje na kumpa cheti. Barua aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Waliondoka bila kuaga.

Shangazi alikaa kidogo akikisoma cheti chake.

"Na wewe, fundi, ungelala humu?"

Nilimwambia kweli. Mapipa yameondoka na sakafu ni mpya, lakini mimi ningeacha madirisha wazi mwezi mzima kwanza.

"Haya," akasema, akanipa mkono nimwinue. "Chai tunywe nje."