Kifuniko Namba Kumi na Moja

Ukiwauliza vijana wanaochimba mawe ya chokaa kwa Muhamood, kando ya barabara ya Kasese kwenda Bwera, magharibi mwa Uganda, kwa nini kila mmoja hutundika kifuniko chake kwa mkono wake mwenyewe, watakujibu upuuzi mtupu. Mmoja atasema kugusa kifuniko cha mwenzako kunaleta mkosi. Mwingine ataapa kwamba ni desturi ya Wazungu. Hakuna Mzungu aliyewahi kutia mguu mle, labda yule aliyeomba maji ya kutia kwenye rejeta akaenda zake. Desturi ile ina siku yake ya kuzaliwa, Ijumaa moja ya mwaka 1966, na ilizaliwa na woga wa mwanamke aliyeitwa Kaswera.

Hapo mwanzo hapakuwa na vifuniko. Kila aliyeshuka shimoni aliacha jiwe langoni, na akitoka analiondoa. Sasa mahali palipojaa mawe tele, nani angejua lipi ni la kuhesabu na lipi ni la Mungu tu? Wakajaribu kofia, kofia zikaibwa. Ndipo Muhamood, mwenye machimbo, akakusanya vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia, akavitoboa namba kwa msumari, moja mpaka ishirini na mbili, akasimamisha ubao langoni. Ukishuka, unachukua kifuniko chako na kukitia mfukoni. Ukitoka, unakirudisha kwenye msumari wake. Msumari mtupu maana yake mtu bado yuko chini, na baruti haiwashwi mpaka atoke.

Ilikuwa akili nzuri, nani abishe. Lakini binadamu ukimpa akili nzuri, wiki ya pili keshaanza kuichezea.

Kaswera alikuwa na jiko lake chini ya bati, hatua tatu kutoka ubaoni. Alikuwa Mnande wa Butembo, aliyevuka mpaka na mumewe Xavier na binti yao Elise wakati vita vya Kongo vilipowafikia. Aliwapikia wachimbaji maharage, ndizi na chai. Kwa kuwa alikuwa jirani wa ubao, wanaume waliotoka shimoni na mikono iliyoungua kwa chokaa walizoea kumrushia vifuniko vyao huku wakikimbilia maji. "Mama Elise, nitundikie!" Naye alitundika. Muhamood alikuwa amekataza. Alisema mtu asiye mchimbaji akigusa ubao ataondoka siku hiyo hiyo, na jiko lake nyuma yake. Lakini Muhamood alikaa Kasese mjini, na ubao ulikaa pale.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya soko la Bwera, na kazi ilikatwa saa sita. Lori la kwenda sokoni lilikuwa limeshawasha injini chini kule barabarani, likipiga honi kama lenye wazimu. Kundi la Xavier, watu watano waliochimba pango la ndani kabisa, ndilo lililochelewa. Sosthène, mdogo wao, alipanda mbio na vifuniko vitano vimetungwa kwenye waya mmoja.

"Mama Elise, ututundikie hizi! Lori itatuacha!"

Akamtupia, akageuka, akatelemka na njia ya mkato hata kabla vifuniko havijaacha kulia mkononi mwake. Kaswera akavitundika kimoja kimoja. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Namba kumi na moja ilikuwa ya mumewe, na aliipangusa vumbi kwa kanga kabla ya kuitundika.

"Ubao?" ilimwita sauti kutoka ukingoni mwa shimo. Ilikuwa ya Obita, fundi wa baruti, mtu wa kaskazini, mrefu na mpole. Yeye hakuwa na kifuniko, maana siku zote ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka.

"Imejaa yote, Fundi!"

Obita akapuliza filimbi ya kwanza, kuwaambia watu wakae mbali. Akashuka, akawasha tambi tatu za baruti, akapanda tena na kupuliza ya pili. Mlipuko ukishapita na yeye akishakagua, hupuliza ya tatu, ndiyo salama. Wanawake wa nyumba za wafanyakazi, juu kilimani, hawakuanza kusonga ugali kabla ya kuisikia ile ya tatu. Waliizoea hivyo kwa woga tu, hakuna aliyewaambia.

Obita alikuja akaketi kwenye gogo karibu na jiko, sigara mdomoni. Hakuwa na saa. Sigara ndiyo ilikuwa saa yake. Kila mara aliiwasha kwa kiberiti kilekile alichowashia tambi, na ikikaribia vidole, baruti hulipuka.

"Mama Elise, mimi nataka chai," alisema.

Kaswera akainua birika. Jicho lake likaangukia bakuli la maharage lililofunikwa jani la mgomba, pembeni mwa moto. Lilikuwa la Xavier. Kila siku akitoka shimoni alipita kulichukua, hata kama mvua inanyesha, hata kama wamegombana. Leo hakupita.

Akalirudisha birika motoni bila kumimina.

Labda amekwenda na lori, alijiambia. Hapana. Kwenda Bwera ndiko walikogombania wiki nzima. Xavier alitaka kwenda kuwauliza waliovuka mpakani habari za mama yake aliyebaki Beni, kule Kongo. Kaswera alikataa katakata. Xavier hakuwa na karatasi yoyote, na askari wa pale mpakani walikuwa wakiwakamata watu kama yeye na kuwarudisha kule kule walikokimbia risasi. Jumatano usiku alilia mpaka Xavier akaapa, mkono juu ya kichwa cha Elise, kwamba hataenda. Mtu haapi juu ya kichwa cha mwanawe kisha akapanda lori.

Basi, kama hakupanda lori, yuko wapi? Alitazama kijito wanakooga watu. Hapakuwa na mtu. Alitazama njia ya nyumbani. Mbuzi mmoja tu. Sosthène alikuja na vifuniko vitano, lakini watu watano aliwaona nani? Xavier siku zote alikuwa wa mwisho kutoka pangoni, akikusanya nyundo na patasi za wenzake wavivu, na mle ndani filimbi haisikiki.

Sigara ya Obita ilikuwa imefika nusu.

Hili ndilo Kaswera alilomlaumia Mungu na kujilaumia mwenyewe maisha yake yote. Hakusema papo hapo. Woga ulimkaba pande mbili. Akisema, lazima aeleze nani aliyetundika, na Muhamood atawafukuza, na wakifukuzwa pale watakwenda wapi bila karatasi? Na kama Xavier atatokea sasa hivi nyuma ya tanuri la kuchomea chokaa, akifunga suruali? Alikodolea macho lile tanuri. Aliomba Salamu Maria moja, akaikosea katikati, akaianza upya. Nyuma ya tanuri hakutokea mtu. Sigara ilikuwa inakwisha.

"Fundi," alisema, na sauti haikuwa yake. "Xavier iko ndani."

Obita hakumwelewa mara moja. Alinyoosha kidole ubaoni. "Namba yake iko kwa ubao."

"Ni mie nilitundika. Sosthène alileta zote. Xavier sikumuona na macho."

"Pengine yeye nakwenda soko."

"Hapana! Bwera hawezi kuenda, aliniapia juu ya mutoto! Fundi, iko ndani, bwana yangu iko ndani!"

Obita alitazama kile kipande cha sigara kati ya vidole vyake. Kilikuwa kimebaki urefu wa ukucha, au zaidi kidogo. Kaswera alimwona akipiga hesabu, na aliona pia kwamba hesabu haikumfurahisha. Kisha mtu yule akakitupa chini, akasimama.

"Wewe kaa hapa," alisema. "Wewe usifuate mimi."

Akakimbia. Kaswera alipiga hatua mbili amfuate, kisha akarudi akashika nguzo ya bati kwa mikono miwili. Alimsikia Obita akiita kwa ile lafudhi yake, "Zavie! Zavie, toka!" Sauti ilishuka. Kisha ikawa nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, akajua ameingia pangoni. "Zavie!"

Halafu ardhi ikapiga. Mara moja, tena ya pili. Baruti ya tatu haikulipuka, maana Obita alikuwa amewahi kuung'oa utambi wake njiani. Vifuniko vyote ishirini na viwili vilitikisika ubaoni, vumbi jeupe likapanda kutoka shimoni, likamfunika Kaswera, maharage na birika. Alingoja filimbi. Alihesabu mpaka mia, akahesabu tena. Ndege walirudi mtini. Filimbi haikulia.

Wa kwanza kufika alikuwa Kenyangi, mke wa Obita, mwanamke wa kabila la Toro kutoka Fort Portal, na mtoto mgongoni. Alikuwa amekimbia kutoka kilimani na mwiko bado mkononi.

"Mama Elise, filimbi ya tatu siisikii. Baba ya watoto iko wapi?"

Kaswera alimwambia. Alimwambia yote, vifuniko, waya, kuchelewa kwake kusema, kwa sababu sasa hakuwa na nguvu ya kuficha chochote.  Kenyangi aliweka mwiko chini na kushuka shimoni, na Kaswera akashuka nyuma yake, na wanaume wachache ambao hawakwenda sokoni wakaja na sululu. Mdomo wa pango ulikuwa umezibwa na mawe makubwa kuliko ng'ombe. Walichimba. Wanawake wale wawili walichimba kwa mikono bega kwa bega, kila mmoja akimtafuta mumewe, na chokaa ikawala vidole. Kaswera alikuwa akiongea peke yake kwa Kinande, akimwambia Xavier asilale. Kila jiwe lilipoinuliwa alifumba macho, kwa hofu ya kitakachokuwa chini yake.

Saa kumi jua lilikuwa bado kali waliposikia lori likirudi, na watu wake wakiimba. Wimbo ulikatika ghafla, bila shaka walipoona ukingo wa shimo umejaa watu. Kisha mtu akapanda mbio na ile njia ya mkato, akashuka shimoni, mfuko wa chumvi begani.

Kaswera aliitambua miguu kabla ya uso. Alisimama pale na jiwe mikononi, asiweze kulitupa wala kulishika vizuri.

"Kaswera, usinikasirikie," Xavier alikuwa akisema hata kabla hajafika, maana alijua kosa lake na maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima. "Najua niliapa. Nilipitia nyuma ya tanuri, nikaruka mu lori chini kule ili usinione. Lakini mama iko muzima! Batu ba Beni bamemuona, iko muzima kabisa..."

 Alitazama mikono ya mkewe inayotoka damu, akawatazama wanaume wenye sululu, akatazama mawe. Uso wake ukabadilika, maana alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiona watu wanachimba hivyo hahitaji kuambiwa mara mbili. Akatupa mfuko, chumvi ikamwagika, akanyakua sululu ya mtu wa karibu.

"Ni nani?" aliuliza. "Ni nani iko ndani?"

Kaswera aliinama akaanza tena kuchimba. Ni Kenyangi aliyemjibu, bila kugeuka, mikono yake ikiendelea kutoa mawe.

"Ni mwenye alikwenda kukutafuta."