Nywele za Mwanasesere wa Bibi Dunmore

Wanachama wa Chama cha Wapenzi wa Wanasesere wa Kale ni watu wa heshima zao. Hawatukanani, hawalewi mchana, na wakikohoa huziba mdomo kwa leso. Lakini mpe mmoja wao mwanasesere wa enzi za bibi zao uone: hata salamu hajamaliza, ameshampindua miguu juu, amemfunua gauni, na anamkodolea macho pajani kwa kioo cha kukuzia. Anatafuta muhuri wa kiwanda. Akiupata, machozi yanamlenga. Asipoupata, anamrudisha mezani kama samaki aliyechina. Na yote hayo wanayafanya ndani ya ukumbi wa kanisa, wamevaa glavu nyeupe.

Bi Ottilie Gaudreau aliwadharau wote, na dharau yake hakuifungia kabatini.

"Muhuri, muhuri!" alikuwa akiwaambia. "Nyinyi ningekuwa mama yenu ningejigonga muhuri matakoni, labda ndipo mngenitambua."

Walicheka kwa adabu, wakaendelea kufunua magauni. Wangefanya nini? Katika kona yote ile ya Rhode Island, hakuna aliyewajua wanasesere wa nguo kumshinda. Wale wa Bibi Lavinia Dunmore hasa, waliotengenezwa kwenye kibanda cha uani mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa kitambaa cha fulana kilichokandikwa gundi kikawa kigumu, kisha kikapakwa rangi ya mafuta uso mzima, hao aliwajua kama mtu anavyowajua ndugu zake wakorofi. Uso ulikuwa kazi yake tangu zamani. Marehemu mumewe, Armand, alikuwa mzishi, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa pombe, basi kuwapamba maiti kukamwangukia Ottilie. Armand alikunywa biashara yote mpaka jeneza la mwisho, akafa, akamwachia mkewe ujuzi wa kupaka watu poda na vyumba viwili juu ya duka la dobi.

"Nimewapamba wazuri kuliko wewe," aliwahi kumwambia mwenyekiti, Bwana Alden Peckham, "na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Kila mwaka, Jumamosi ya utambuzi, Ottilie ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Watu walipanga foleni na wanasesere wao wamefungwa kwenye mataulo kama wachanga, naye akawaambia wamebeba nini. Kanuni zilikuwa mbili. Mwenye mwanasesere hafungui mdomo mpaka hukumu itoke. Na hukumu ni neno moja tu, kwa sauti: halisi au bandia. Kanuni hii ya pili aliitunga Ottilie mwenyewe, maana alichoshwa na wataalamu wa "huenda" na "inawezekana".

Ila mwaka ule kiti kilikuwa kinayumba. Macho ya Ottilie yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, daktari alisema. Wakati wa masika alikuwa amekishika kichwa cha kauri cha Mjerumani akakiita cha Mmarekani, mbele za watu. Chama kizima kilinong'ona kama nyuki. Bwana Peckham akamfuata, akikohoa kwenye leso.

"Bi Ottilie, tunakuheshimu sana. Ila safari hii ukikosea hata mmoja, itabidi tukushukuru kwa utumishi wako."

Ottilie aliijua lugha hiyo. Ndivyo watu wanavyosema mbele ya jeneza. Akaenda nyumbani, akakaa kitandani, akawaza Jumamosi zisizo na foleni. Nani angepanda ngazi za dobi kumjulia hali? Wale aliowatukana miaka yote? Hata paka wa dobi humpita bila kumtazama.

Aliyekitaka kiti hicho hakujificha. Alikuwa Winifred Cobb, mjane wa daktari wa meno, mwanamke mwenye meno mengi kuliko haja na mkusanyiko wa wanasesere uliojaza nyumba mpaka wageni hulala kochini. Winifred alikariri mihuri yote ya viwanda vyote. Mwanasesere asiye na muhuri kwake alikuwa takataka.

Siku ilipofika, Winifred akaja mbele na taulo lake la waridi. Akalilaza mezani, akalifunua, akarudi nyuma hatua moja akiwa amefumba midomo, kanuni ni kanuni. Lakini meno yalikuwa yanamsukuma kwa ndani, yataka kutoka.

Ottilie akamtazama mwanasesere. Msichana mnene wa nywele fupi za manjano, macho ya bluu, mashavu mekundu. Akamgeuza. Pajani, muhuri wa Dunmore, mweusi, mzuri, unasomeka hata na kipofu.

Ukumbi ukapumua. Wako waliosimama juu ya viti.

Ottilie akasogeza pua. Mafuta ya kitani. Kidogo tu, kama harufu ya chakula cha jirani. Rangi iliyokaa karne nzima hainuki. Akatazama mashavu kwa lile jicho lenye nafuu. Mashavu hayo yamepakwa na mtu mwenye haraka na rangi nyingi. Ottilie aliwahi kuona maiti waliopambwa na ndugu zao nyumbani, wakatoka hivyo hivyo, kama wametoka kupigwa makofi.

Akamwelewa Winifred papo hapo. Ni mtego. Mwanamke amekaa jikoni kwake na brashi, amepaka uso, amegonga muhuri wa uongo, anangoja bibi kizee asiyeona aseme "halisi" ili amwanike. Basi kazi imekwisha. Aseme "bandia", kiti kibaki chake, Winifred arudi na taulo lake.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini mkono ulikuwa umetangulia. Ottilie hakuwahi kuvaa glavu, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya nywele za mwanasesere, pembeni ya sikio.

Kidole kikasimama.

Nywele za manjano alizoziona zilichorwa kutoka juu kwenda chini. Zile alizozigusa zilikuwa zinapanda. Chini ya rangi mpya, laini kama siagi, kulikuwa na matuta madogo madogo, michirizi ya brashi nzito iliyovutwa kutoka kwenye paji la uso kwenda juu, mfupi, mfupi, mrefu, kisha mkono ukapinda nyuma ya sikio. Ottilie aliujua mkono huo. Bibi Dunmore alipaka nywele namna hiyo na hakuna mwingine. Akagusa sikio: limeshonwa peke yake. Dole gumba: limeshonwa peke yake. Huyu mtoto ni wa kibandani. Muhuri wake wa kweli ulifutika siku nyingi, na juu yake mjinga mmoja amegonga wa uongo na kumpaka uso wa mwanasarakasi.

Sasa ikawa taabu. Akisema bandia, anakaa salama kitini, na mtoto wa Bibi Dunmore anaishia kapuni, au anageuzwa mto wa kuchomekea sindano. Akisema halisi, Winifred atapasua ukumbi kwa kicheko, na yeye hana cha kujitetea isipokuwa kidole cha mwanamke ambaye wote wanajua haoni vizuri.

"Tunasubiri, Bi Ottilie," akasema Bwana Peckham.

"Subiri, baba, hujachelewa kuoa."

Akamlaza mwanasesere chali, akamshusha gauni vizuri.

"Halisi," akasema.

Winifred alicheka kabla neno halijatua. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Halisi! Jamani mmemsikia? Nimempaka mwenyewe! Jikoni kwangu, mwezi wa tatu! Uso wangu, muhuri wangu, nimeuchonga kutoka kwenye kifutio! Dude lenyewe nimeliokota kwenye mnada wa kanisa, kwenye boksi la glavu za kushikia sufuria. Halikuwa na muhuri, halikuwa na kitu!"

Ukumbi ukalipuka. Bwana Peckham akatoa leso. "Bi Ottilie," akaanza, na ile sauti ya mbele ya jeneza, "kwa niaba ya chama..."

"Shika hapa kwanza," Ottilie akamkatiza. "Kichwani. Pembeni ya sikio."

Bwana Peckham akapapasa kwa heshima. "Sioni... sihisi kitu."

"Utahisi nini umevaa soksi mikononi? Vua glavu!"

Minong'ono ikapita. Kumgusa mwanasesere wa kale kwa mkono mtupu, kwenye chama kile, ilikuwa karibu sawa na kumbusu mke wa mtu. Bwana Peckham akageuka kushoto na kulia kama anaomba ruhusa kwa mama yake.

"Vua, mwanaume! Hataomba mahari."

Akavua. Kidole chake cheupe, chenye unyevu, kikagusa nywele. Kikaenda, kikarudi. Kikapinda nyuma ya sikio peke yake, kama kimeshikwa mkono na kupelekwa.

"Zinapanda," akasema, kwa sauti ndogo. "Kwa macho zinashuka. Kwa mkono zinapanda."

"Mkono wa nani huo?"

Bwana Peckham alikuwa na wanasesere wawili wa Dunmore nyumbani. Kwa miaka mingi aliwapangusa vumbi kwa glavu. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Mungu wangu. Winifred, umemfanya nini?"

Wakaja mmoja mmoja, wakivua glavu, wakizificha mifukoni kama watoto walioiba. Wa mwisho alikuwa Winifred mwenyewe. Alichelewa sana kuondoa kidole. Meno yote yalikuwa yamerudi ndani.

"Mimi sikujua," akasema. "Hakuwa na muhuri, Ottilie. Niliangalia."

"Najua uliangalia."

"Alikuwa mchafu tu. Mashavu yamechubuka, pua imefifia. Nikaona ni kazi ya mtu wa kijijini." Akamsugua mwanasesere shavu kwa kidole. "Rangi yangu inatoka, siyo? Kuna dawa. Wewe unajua dawa."

Ottilie angeweza kumwonea huruma. Aliitafuta, akaona imekwisha. Labda Armand aliinywa pamoja na vingine.

"Inatoka, shoga. Tapentaini, pamba, dakika mbili, inatoka. Na ya Bibi Dunmore inatoka nayo, maana ni mafuta juu ya mafuta. Utabaki na soksi iliyojazwa pamba."

"Kwa hiyo atabaki hivi?"

"Atabaki hivi. Mpeleke nyumbani, mkalishe sebuleni. Wageni wakiuliza alichorwa na nani, usiwe na haya. Uso ni wako."

Winifred akamkunja mwanasesere ndani ya taulo la waridi, polepole, akimfunika mpaka kichwa. Hakuna aliyempisha, ilimbidi apite akisema samahani, samahani, hadi mlangoni.

Bwana Peckham alikuwa bado na leso mkononi, hajui aifanyie nini. Ottilie akavuta kiti chake karibu na meza, akajifuta kidole gumba kwenye sketi.

"Haya, anayefuata," akasema. "Na hizo glavu wekeni kwenye kapu pale mlangoni, au mtu asinisogelee."