Waya wa Marehemu Valcho

Dhoruba ya Julai ilikuwa imeangusha nyaya kule mlimani, na friza la Nedka lilishaanza kutoka jasho. Ndani mlikuwa na kondoo wawili wa arobaini ya mumewe, Valcho, kesho yake. Mjane anayelisha wageni nyama iliyochacha siku ya arobaini, heri ahame kijiji.

Akaburuta jenereta hadi uani, akavuta kamba, likanguruma. Kisha akachukua waya aliouunda Valcho enzi za mgao wa umeme: plagi huku, plagi huku. Upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya jikoni. Miaka thelathini alimwona mumewe akifanya hivyo. Friza likaitika. Nedka akajipongeza.

"Nedka we!" Jirani yake Penka alichomoza kichwa dirishani, taa ikiwaka nyuma yake. "Umeme umerudi! Nateleka kahawa!"

"Umerudi wapi? Si nyaya ziko chini bado..."

Taa ya Penka inawashwa na nini, basi? Hapo ndipo alipokumbuka: Valcho kila mara alianzia ukumbini, akazima swichi kuu inayounganisha nyumba na nguzo, ndipo akaja jikoni. Yeye alikuwa akizingatia ya jikoni tu. Umeme wake ulikuwa unatoka nje, unapanda nguzo.

Na juu ya nguzo alikuwa Rayko, fundi wa umeme, ambaye asubuhi tu Nedka alimtania kwamba ngazi yake ni ndefu kuliko akili yake.

Mkono ukaenda kwenye plagi, ukarudi. Akiichomoa, vyuma vya plagi vitabaki wazi vikiwa na umeme. Akakimbilia uani, ndala moja ikabaki njiani, akazima jenereta. Kimya. Hakuthubutu kuinua macho.

"Rayko? Rayko, mwanangu!"

Akaita tena.

"Shangazi Nedka," ikashuka sauti kutoka juu ya nguzo, "hiyo arobaini unayopika ni ya mmoja, au ya wawili?"

Nedka akaketi palepale matopeni, akalia.

Rayko alishuka na kipimo chake cha umeme mkononi. "Hiki kiliwaka kabla sijagusa. Ningetanguliza kidole..." Akatoa koleo, akaukata ule waya katikati.

"Hiyo ni kumbukumbu ya Valcho!"

"Na mimi nusura niwe kumbukumbu yako. Leo nakufungia swichi ya kuchagua: jenereta au nguzo, kamwe si vyote. Lete kahawa."

Alipopokea kikombe, nusu ilimwagikia suruali. Nedka akajifanya hakuona.