Upawa Mmoja kwa Kila Chumba

"Hivi dada, shemeji alizikwa na upawa wake?" Fundi cherehani wa chumba cha pili alimuuliza mjane siku moja, huku akitoa pini mdomoni.

"Upo nyuma ya mlango," mjane alijibu. Akaenda kuangalia. Msumari ulikuwa mtupu.

Basi wakatoka hadi ukumbini, wakamkuta marehemu amesimama chini ya kisanduku cha waifai, aproni yake ya mpishi wa shule imefungwa vizuri, anachota. Kilichotoka kisandukuni kilikuwa cheupe na chepesi kama maji ya mchele. Alimimina upawa mmoja kwenye kizingiti cha kila chumba, vyumba vyote sita, bila kuzidisha wala kupunguza, kama alivyowagawia watoto uji miaka ishirini na sita. Zamani kinyozi wa chumba cha kwanza akianza kushusha filamu zake, wengine walibaki kutazama kiduara kikizunguka. Siku hiyo kila simu ilifunguka.

"Mzee, mimi mwili mkubwa, niongezee," kinyozi alisema.

"Macho yako mawili, kama ya wenzako."

Tangu hapo marehemu alikuja kila siku saa kumi alasiri. Mjane alimwekea kigoda na maji ya kunawa, akamshukuru Mungu, maana si kila mwanamke hurudishiwa mume akiwa na kazi yake.

Alhamisi binti yao alituma ujumbe kutoka mbali. Kesho yake angefanyiwa upasuaji wa moyo, na alitaka amwone mama yake usoni, waombe pamoja. Upawa mmoja ulitosha sauti tu.

"Baba, ni mwanao huyu," mjane alisema. "Niongezee mmoja."

"Hata shuleni mwanangu alikula upawa mmoja."

Ilikuwa kweli, na mtoto alikuwa akirudi nyumbani analia njaa.

Fundi cherehani, ambaye hutazama mishono simuni, aliweka nguo pembeni. Alikinga mgao wake kwa beseni, akaumimina kizingitini kwa mjane. "Nguo za watu zitangoja," alisema. Kinyozi akafuata, akinung'unika kwamba mwisho wa filamu yenyewe anaujua. Binti akaonekana mpaka kovu la nyusi. Wakaomba hadi Amina, na picha haikukatika. Marehemu aliitikia akiwa mlangoni.

Ijumaa alasiri habari ikaja: amezinduka, ameomba chai.

Mjane alitoka kumshukuru mumewe. Ndipo alipouona waya mnene nyuma ya kisanduku, ukipanda ngazi hadi kwa mwenye nyumba, aliyeishi juu peke yake na televisheni tatu. Waya ulikuwa ukigugumia kama mtu anayekunywa.

"Huo unachukua kiasi gani?"

"Nusu. Kabla sijachota."

"Na siku zote unajua?"

"Shuleni pia, kila magunia mawili, moja lilipita mlango wa nyuma kwenda kwa mwalimu mkuu. Mimi nagawa kilichomo chunguni, mke wangu."

Mjane aliifikiria ile njaa ya mwanawe. Simu ilikuwa bado na joto kiganjani.

"Nashukuru kwa jana," alisema, na alishukuru kweli. "Lakini huo waya?"

Marehemu akaufuta upawa kwa aproni, akaingia chumbani kuutundika kwenye msumari wake kwa mara ya kwanza tangu arudi, kisha akampita mkewe ukumbini na kutoka mikono mitupu.