Nota Iliyoshuka

Wakati wa vita, mji wa Kindu ulipozingirwa na watu wakaogopa hata kwenda mashambani, Soudi na Blaise walikuwa wakiimba chini chini katika chumba cha nyuma kwa akina Blaise, katika mtaa wa Kasuku. Blaise alitunga, Soudi alipiga gitaa la mbao lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Nyimbo zilikuwa za njaa na za askari. Zingesikika nje, wote wawili wangepotea. Waliozijua walikuwa wachache, na waliwapenda wote wawili sawasawa.

Amani iliporudi, Blaise hakutulia. Alikwenda Kampene kuchimba dhahabu, akarudi mikono mitupu, akaanza kuchora vibao vya maduka, kisha akaandika michezo ya redio. Kila kazi iliingia katika nyimbo zake. Aliacha kuimba habari za askari, akaimba juu ya mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, juu ya mume anayejifanya amelala. Soudi alibaki kwenye harusi, akipiga nyimbo zilezile za zamani. Kila aliposikia Blaise akisifiwa moyo ulimchoma, na kwa watu alisema yule ni kigeugeu, hana kazi hata moja anayoijua.

Mwaka huu Blaise alimwita. Vijana walitaka kurekodi wimbo wake mpya, naye alikataa gitaa la mwingine yeyote. Soudi alikwenda, lakini hakwenda kwa wema. Walipofika kwenye kiitikio alikosea makusudi, akaishusha nota pale ilipotakiwa kupanda, ili wimbo uchechemee.

Blaise alifumba macho. Halafu naye akashusha sauti, akaifuata.

"Hapo njo pazuri, ndugu yangu," alisema. "Mwezi muzima miye nilikuwa napatafuta. Rudia vile vile."

Soudi alirudia.

Sasa wimbo huo unasikika hadi kwenye simu za waendesha pikipiki, na watu humsimamisha Soudi njiani kumsifia pale gitaa linaposhuka. Yeye hushukuru. Mkewe, Ramla, alimwuliza mbona hafurahi. Akajibu kwamba amechoka tu. Kisha alichukua gitaa, akajaribu kutafuta wimbo wake mwenyewe. Vidole vilishuka palepale, na sauti iliyomjia kichwani ilikuwa ya Blaise.